Mguu Ule Si wa Mnyama Wangu

Editha mwanangu,

Sitakuuliza hali yako, maana asubuhi nimekuona mwenyewe ukimaliza sahani mbili za viazi vitamu na maharage, na mtu anayekula hivyo ni mzima. Mimi si mzima. Nina hasira tangu Jumapili, na wewe umekuwa ukinyata humu ndani ukidhani umenikosea. Hujanikosea. Nakuandikia mchana huu ukiwa umekwenda Bugarama kumuaga bibi yako, na kesho nitakupa karatasi hizi mkononi ukishakaa kwenye kiti chako cha basi. Usiziweke kwenye begi ukasema utazisoma Mwanza. Zisome papo hapo.

Kwa mdomo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kukugombeza juu ya sabuni, mara ya pili nikakufukuza jikoni. Basi mambo ya sabuni, ya sweta, ya kuangalia mizigo stendi na ya kutokula vya barabarani, hayo umeshaambiwa na mtaa mzima wa Murukulazo. Mimi nitakuambia jambo moja tu, na ni refu.

Jumapili, misa ilipokwisha, katekista alikuita mbele. Ukasimama na gauni lako jipya ukawaambia watu kwamba unakwenda chuo kikuu kusoma miamba na mifupa ya kale, na kwamba kule Dar es Salaam, kwenye nyumba ya makumbusho, yuko mnyama wa zamani kabisa anayeitwa kwa jina la mama yako. Ukasema Jumamosi ya kwanza utakwenda kumwona. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikainuka nikatokea mlango wa pembeni. Ulipofika nyumbani ukaniuliza, "Mama, umekasirikia nini?" nikakuambia umeunguza wali. Siku ile hatukuwa na punje ya mchele humu ndani, na hukunibishia, ukaenda kuangalia sufuria.

Sikiliza sasa. Mnyama yule anayeitwa Bibianerpeton hakuwahi kuishi. Kichwa chake kiliishi na mguu wake uliishi, lakini havikuwa kwenye mwili mmoja hata siku moja. Mimi nalijua hilo tangu kabla jina halijapigwa chapa. Watu wawili tulilijua, na mmoja nilimwondoa.

Hadithi ninayowasimulia wageni unaijua kwa moyo. Padri alitoka kusini, upande wa Songea, akahamishiwa parokiani kwetu na masanduku saba ya mawe. Watu wakasema ni dhahabu. Kumbe ndani ya mawe yale mlikuwa na mifupa ya wanyama wa mwanzo wenye miguu minne, wale walioanza kutoka majini wakajaribu kukanyaga nchi kavu, kabla ya ndege na kabla ya ng'ombe kufikiriwa. Padri alikuwa anatafuta mtu mwenye mkono wa subira. Mimi nilikuwa mjane wa darasa la saba ninayeshona vitambaa vya altare. Akautazama upindo mmoja kwa muda, akaniuliza, "Bibiana, unaweza kukaa na jiwe moja miezi mitatu?" Nikamjibu kwamba nilikaa na baba yako miaka tisa. Alicheka mpaka akakohoa, na kesho yake nikaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa jiwe kwenye mfupa bila kuuvunja mfupa. Nilitumia sindano ya kushonea magunia, mswaki, na siki tone kwa tone. Kutwa nzima unapata sehemu ya kidole. Nikirudi nyumbani wanawake kisimani wananiita Muosha Vyura. "Muosha Vyura, leo umewasugua wangapi?" Nilikuwa najifanya sisikii. Nilisikia kila siku, na nakuambia leo kwamba iliniuma kuliko nilivyowahi kumwonyesha mtu yeyote, maana huko ndiko upumbavu wangu ulikoanzia.

Padri alitaka niandike namba kwa wino juu ya kila mfupa. Nikakataa. Kwetu hatuandiki juu ya mfupa wa aliyekufa, awe mtu au mnyama, na mkono wangu uligoma kabisa. Nikamwambia nina njia yangu: kila mnyama nitamwekea ungo wake. Ungo mmoja, mnyama mmoja, na kwenye ukingo nafunga kipande cha kitenge, rangi tofauti kila ungo. Padri aliona ni jambo zuri, akaliandika kwenye kitabu chake. Tukafikisha nyungo kumi na moja zimepangwa kwenye rafu za chumba cha nyuma.

Halafu ukaja mwaka ule wa tisini na tatu, Warundi wakavuka. Wewe ulikuwa na miaka saba, unakumbuka uwanja wa parokia ulivyojaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Mwaka uliofuata wakaja wa Rwanda, wakawa wengi kuliko sisi wenyeji. Walipewa mahindi na maharage yenye mawe na pumba, na walikuwa wamekimbia mikono mitupu. Mama mmoja alikuja mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, akaona nyungo zile. Hakujali mifupa. Akasema tu, "Mama, niazime mmoja nipepete." Nikaumimina ungo kwenye gunia nikampa. Nyuma yake alikuwepo mwingine. Mpaka jioni sikuwa na ungo hata mmoja, na wanyama wote kumi na mmoja walikuwa kwenye magunia mawili, wamechanganyika.

Hilo silijutii. Watu walikula. Padri mwenyewe alisema, "Umefanya vizuri, tutawapanga upya." Nakuandikia ili ujue kwamba kosa halikuwa hapo, maana kuna watu watakaokuambia lilikuwa hapo ili wanipunguzie.

Katika wale waliokuja kuomba ungo alikuwepo Spesioza. Yule yule, Mwalimu Pesi wako. Alikuwa akifundisha baiolojia sekondari huko upande wa Muyinga. Alipoona mifupa aliinama, akasahau mahindi yake, akaniuliza kwa Kirundi, "Hiki ni kiungo cha bega?" Mimi nikamjibu kwa Kihangaza chetu, ambacho ni ndugu wa Kirundi, kwamba sijui kinaitwaje, najua tu kwamba kimenichukua wiki nne. Tukaelewana hivyo tangu siku ya kwanza, yeye na lugha yake, mimi na yangu, na mpita njia asingejua nani katoka ng'ambo. Padri akampa kile chumba kidogo karibu na jiko.

Zaidi ya miaka miwili tulikaa sisi wawili tukiwapanga upya wale wanyama. Spesioza aliuchora kila mfupa kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba, akipima kwa rula na kutia rangi kwa penseli zako za shule. Wewe ulikuwa chini ya meza unajifunza kusoma kwake. Kila jioni alikudai ukurasa mmoja, na usipousoma huli.

Ndipo tukafika kwenye kile kichwa na ule mguu. Kichwa kilikuwa bapa, kipana kama sinia, na juu yake kina vijifereji vinavyozunguka macho. Spesioza alivipitisha kidole akasema samaki naye anavyo, ndivyo anavyosikilizia maji yanapotikisika, kwa hiyo huyu alikuwa wa majini. Mguu ulikuwa wa mbele, mfupa mfupi mnene wenye vichwa vikubwa vya kubeba uzito, mguu wa kutembea. Mimi ndiye niliyeviweka pamoja, kwa sababu ukubwa ulilingana. Sikuwa na nia mbaya wakati ule. Padri alipoviona pamoja alishika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Kichwa cha majini, mguu wa nchi kavu!" akasema. "Bibiana, huyu hana ndugu!"

Akapekua vitabu vyake vyote, akawapitia wanyama wa namna ile waliokwisha kupewa majina, mmoja mmoja, na hakumpata wa kufanana naye. Akatueleza kwamba basi itabidi atengewe jenasi yake, yaani ukoo wake mwenyewe, kwa sababu hawezi kuingizwa kwenye ukoo wa wengine. Akasema kumpa mnyama jina si kumbatiza tu. Lazima useme anawahusu akina nani, anaachana nao wapi, halafu uchague mifupa itakayolibeba jina hilo daima, ili anayetilia shaka aende akaitazame. Atachagua hiki kichwa na huu mguu, akasema, na jenasi ataiita kwa jina langu. Ile herpeton ya mwishoni ni neno la Kigiriki, kitu kinachotambaa.

Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita kisimani. Nikawasalimia, nikapita. Nilitaka tu kuziona nyuso zao kabla hawajajua.

Siku chache baadaye Padri alikuwa Rulenge kwa mkutano, harudi hadi Alhamisi. Spesioza akaniita dirishani. Alikuwa ameushika mguu, ameuelekeza kwenye mwanga, pale ulipovunjika ndani pana tundu.

"Mama Editha, tazama humo ndani. Unaona nini?"

"Mchanga."

"Rangi gani?"

Nikasogeza jicho karibu. Ulikuwa mwekundu. Chembe chache nyekundu zilizobaki ndani kabisa, mahali ambapo mswaki haufiki.

"Kichwa tulikitoa kwenye jiwe la kijivu," akasema. "Kijivu juu, kijivu chini, hata puani kijivu. Hawa hawakulala kaburi moja. Mguu huu si wake."

"Umeona vibaya, Mwalimu."

"Nimeshachora." Akanionyesha daftari, na pale kwenye tundu alikuwa ametia penseli nyekundu. Hakuwa na ubaya usoni, mwanangu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. "Padri akirudi tutamwambia sisi wawili. Atasikitika kidogo, halafu atafurahi. Ni wanyama wawili badala ya mmoja!" Akaenda kukuchukua shuleni.

Nikabaki peke yangu na mfupa na sindano. Nilikuwa fundi, Editha. Hakuna mtu mkoa huu aliyekuwa na mkono kama wangu. Nilizitoa chembe zile moja moja, nikaosha tundu kwa siki, nikapuliza vumbi nje ya dirisha. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Ndilo jambo la hovyo kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililifanya vizuri sana.

Alhamisi Spesioza aliubeba mguu hadi dirishani mbele ya Padri. Akautazama. Akaugeuza. Akautazama tena. Ndani mlikuwa mweupe. Akafungua daftari, akaonyesha wekundu aliouchora. Padri akacheka, si kwa dharau, alicheka kama mzee anayempenda mtoto, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. "Mwalimu," akasema, "macho yamechoka. Penseli ya shule si ushahidi." Spesioza akafunga daftari. Akanitazama mimi, halafu akaitazama sindano yangu mezani, akatoka kwenda kupika.

Karatasi za Padri zikapigwa chapa Ulaya. Kikaja kitabu chembamba, ndani yake picha ya kichwa na mguu, na jina langu limelazwa upande kwa herufi za mshazari. Kisimani hawakuniita tena Muosha Vyura. Nikawa mwenyekiti wa akina mama. Mimi na Spesioza tuliendelea kula meza moja, na hakulisema lile neno hata mara moja. Kwa nje nilikuwa mtu mwenye heshima, lakini nilikuwa nikimwogopa mwanamke aliyekuwa akinisaidia kukusuka nywele.

Kisha ikatoka amri kwamba mkimbizi yeyote anayeishi vijijini arudishwe kambini. Padri alikuwa likizo kwao. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, wewe uko shuleni. Akaingia afisa mwenye karatasi na mgambo wawili. Hakujua nani ni nani, angejuaje? Mikono yetu wote ilikuwa na utomvu ule ule. Akaniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemkaribisha.

"Huyu ni nani wako?"

Ningesema ni mdogo wangu wa Bugarama, yangeishia pale. Wengine walisema hivyo siku ile, nawajua, nyumba tatu hapa hapa, na watu wao wapo hadi leo. Spesioza alinitazama. Hakuwa akiniomba kitu, Editha. Alikuwa na uhakika.

Nikasema, "Ni mkimbizi."

Afisa akaandika. Spesioza akanawa utomvu taratibu, akachukua mfuko wake na daftari. Mlangoni akageuka akaniambia, "Editha asilale bila kusoma ukurasa wake." Basi. Wakampandisha kwenye lori.

Ulipotoka shule nikakuambia Mwalimu Pesi amekumbuka kwao, amerudi Burundi. Ulilia siku mbili, ukagoma kusoma kwa mtu mwingine yeyote. Miaka yote uliyoniuliza kama ameandika, nikakuambia huko posta hazifanyi kazi, nilikuwa nakudanganya. Hakuwa Burundi. Yupo kambini, humu humu wilayani kwetu, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Yupo pale karibu miaka kumi, na mimi nimepita njia panda ile mara nyingi nikiwa nimeangalia upande wa pili.

Sasa unajua nilichokuwa nakisikia Jumapili watu walipopiga vigelegele. Na liko jingine. Wale marafiki wa Padri wanaokusomesha, barua yao ya kwanza ilisema wanamtaka binti wa Bibiana. Ulifaulu kwa akili zako, nakubali, lakini waliofaulu walikuwa wengi. Kiti chako cha basi kimeshikiliwa na ule mguu.

Nimejikasirikia kiasi cha kutosha, ila usidhani hasira imeishia kwangu mwenyewe. Nimemkasirikia Padri aliyekataa kuliamini daftari kwa sababu ya mkono ulioliandika, akaukubali mfupa kwa sababu ya mkono wangu. Nimemkasirikia afisa yule na karatasi yake iliyokuwa na nafasi ya neno moja tu kwa kila mtu. Na wewe pia nimekukasirikia kidogo, tuambiane ukweli. Miaka yote umelitangaza jina hilo shuleni na kanisani, na hata siku moja hukuniuliza tulijuaje kwamba mguu ule ni wa kichwa kile. Wewe mwenye maswali ya kila kitu! Mimi nilikuwa nalisubiri swali hilo, na nilikuwa naliogopa. Huko uendako watakuonyesha vitu vingi vyenye majina tayari. Uliza. Uliza nani alikiona kwanza, na uliza kama kuna mtu aliyekuwa chumbani kisha akatoka. Hata ukionekana msumbufu, uliza.

Jumatatu nilikwenda kambini. Nilikwenda kwa sababu wanaifunga kambi. Watu wanabomoa vibanda vyao, wanafunga magodoro kwa kamba, malori yanakuja kwa zamu. Nilimkuta darasani. Mvi zimemwingia upande mmoja. Nilisimama mlangoni, naye akaniona, akawaacha watoto wamalize kunakili ubaoni kwanza.

"Mama Editha," akasema. "Umechelewa."

"Nimechelewa, Mwalimu."

"Mtoto anasoma?"

"Ijumaa anakwenda chuo kikuu. Mambo ya mifupa."

Akacheka kicheko kimoja kifupi, akakaa kwenye dawati la watoto. Nikamwambia yote, kuhusu chembe, siki, na dirisha. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akishtuka.

"Najua," akasema. "Niliona vumbi jekundu kwenye sindano yako."

"Mbona hukusema mbele ya Padri?"

"Nilikuwa nalala kwenye chumba chake. Nakula kwenye sufuria yako. Ningesema, halafu nikalale wapi?"

Nikapiga magoti. Watoto walikuwa dirishani wanatazama, nikapiga magoti hivyo hivyo. Akaniinua kwa mkono, si kwa upole.

"Habari ya msamaha tutaongea siku nyingine. Leo nina vipindi."

Nikamwuliza daftari lipo? Lipo, ameliviringa kwenye nailoni miaka yote. Nikamwomba anipe nikuletee. Akatikisa kichwa. "Kwako halirudi. Sindano yako naijua. Nitampa mwenyewe mkononi." Nikamwambia kwamba ukweli ukijulikana, mwenye mguu ni mnyama ambaye hajapewa jina bado, na nitawaomba wakubwa wa makumbusho wamwite kwa jina lake yeye. Nilidhani namfurahisha. Hapo ndipo nilipoiona hasira yake.

"Thubutu! Jina langu limeandikwa kwenye karatasi nyingi mno, na kila lilipoandikwa nimehamishwa. Mnyama mwenyewe hajaomba jina la mtu. Mwache aitwe kwa jina la mahali alipotoka."

Nilipokuwa naondoka akanifuata mpaka nje. Akaniuliza swali moja, na sauti ilikuwa tofauti. "Yule mtoto, mbona hakuja kunitazama hata siku moja?" Editha, sikumwambia ukweli. Nimekiri mengine yote, hilo nikalificha. Nikasema nitachelewa gari.

Jumatano nilikuambia nakwenda kumtazama mgonjwa hospitali ya Biharamulo. Hakukuwa na mgonjwa. Nilikwenda posta ya huko, kwa sababu ya hapa Ngara karani ni mwanakwaya mwenzangu na angesoma anwani. Nilituma barua mbili zenye maneno yale yale, moja kwa Padri huko alikostaafu, moja kwa mwalimu mkuu wa idara atakayekupokea. Nimeandika nilichokifanya, siku ilivyokuwa, sindano niliyotumia. Nimeandika jina la Spesioza na kwamba mchoro wake ulikuwa sahihi. Daftari peke yake walilikataa. Sasa lina ungamo la aliyefuta ushahidi, watashindwa kulikataa tena.

Sikukuuliza, na ninajua ungependa niulize. Huenda wakaniona mwongo wakakufungia mlango na wewe. Huenda ukarudi hapa kabla ya mvua za vuli kwisha. Ukirudi utakuta kitanda chako na mimi, tutaanza upya. Ukasirike, una haki, nitayasikia yote utakayosema. Lakini sikutaka uwe na la kuamua. Mimi niliachiwa la kuamua, peke yangu kwenye chumba kitupu, na unaona nilichokifanya. Wakilifuta jina langu, walifute. Wakiona sheria zao zinataka libaki kwenye kichwa peke yake, basi angalau kitakuwa kichwa cha kweli.

Sasa inua macho utazame nje. Mkishapita kilima cha pili basi litasimama njia panda ya kambi. Nimeongea na kondakta, akaniambia, "Tutasimama, mama, rakini dakika tano tu." Pale, kama tulivyokubaliana Jumatatu, atakuwepo mwanamke mrefu mwenye mvi upande mmoja na kitu kilichoviringwa kwenye nailoni. Shuka. Mwamkie. Pokea daftari kwa mikono miwili. Usimwombee mama yako msamaha; hiyo ni kazi yangu, na nitarudi Jumatatu, na Jumatatu nyingine, mpaka lori lake lije.

Wewe una dakika tano, na zitumie kwa jambo moja. Mwambie kwa nini hukuja. Mwambie ulikuwa unaambiwa amekwenda Burundi, na mtaje aliyekuambia.

Mama yako,
Bibiana